Mume na Mke Wakitengana, Madeni ya Nyumba Ni ya Nani?



Kila mara tunapofundisha amri ya saba, tukifika penye neno la kulipa madeni, mtu mmoja huinua mkono na kuuliza: « Mwalimu, mume na mke waliokopa pamoja, kisha wakatengana, deni lao ni la nani? Na nyumba waliyoipanga, nani ataendelea kuilipa? » Wengine hucheka kidogo, kwani kila mmoja anamwaza jirani yake. Lakini swali hilo si la kucheka. Ndani yake mna haki ya watu wengi, na mara nyingi wale wanaoumia hawakuwa na neno lo lote katika ugomvi.

Zamani babu zetu walijijengea nyumba zao kwa miti na udongo. Hawakumlipa mtu kodi kila mwezi. Mke akirudi kwao, wazee walikaa pamoja, wakahesabu mbuzi wa mahari, na shauri likakatwa. Siku hizi mambo ni mengine. Vijana wetu wengi huenda kwenye vituo vya machimbo, kama Kamituga penye dhahabu au Kolwezi penye shaba na kobalti. Huko hupanga nyumba ya mtu mwingine, huchukua unga na mafuta kwa daftari la duka, na wamama huingia katika likelemba. Basi nyumba moja imefungamana na watu wengi. Mume na mke wakitengana, si jamaa mbili tu zinazotikisika.

1. Kosa langu mwenyewe

Nitawaeleza kosa langu, mpate faida. Miaka michache iliyopita mume na mke wa upande wetu walikaa katika kituo kimoja cha machimbo. Walipanga nyumba ya vyumba viwili kwa dola 15 kila mwezi. Mume alichimba, mke aliuza samaki wakavu sokoni. Kwa muda walikaa vema. Kisha mume akazoea pombe, akaanza kumpiga mkewe, na usiku mmoja mke akatoka na watoto wake watatu, akarudi kwa baba yake.

Alikuja kwangu akilia. Akasema: « Mwalimu, nifanye nini na likelemba? Zamu yangu nimekwisha kuipokea, na bado ninadaiwa kutoa. » Nilimhurumia sana. Nikamjibu upesi, bila kufikiri: « Mama, kaa na amani. Umeonewa vya kutosha. Madeni ya nyumba ile ni ya yule aliyeiharibu. » Akaenda amefarijika, nami nikajiona nimetenda tendo la huruma.

Likelemba ile ilikuwa ya wamama kumi. Kila juma la pili kila mmoja alitoa dola 5, na mmoja akapokea dola 50 zote. Mama yule alikuwa amepokea zamu ya pili, na fedha zile alinunulia samaki wa kuuza. Bado alidaiwa kutoa mara nane, maana yake dola 40. Alipoacha kutoa, mama wa zamu ya tatu alipata pungufu, akanung'unika, naye akaacha. Yule aliyefuata akasema: « Mbona mimi nitoe, na wengine hawatoi? » Hivyo likelemba ikalegea kama kikapu kilichokatika uzi mmoja.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja. Alikuwa amesubiri kwa uvumilivu, akitaka kulipia masomo ya mjukuu wake katika shule ya sekondari. Mahali pa dola 50 akapata 15. Alipanda mpaka nyumbani kwangu, akaketi, akakaa kimya. Halafu akaniambia: « Mwalimu, wale wawili wameachana wao kwa wao. Na mimi je, nimeachana na nani? »

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya neno lake, na haya niandikayo leo ni matunda ya mawazo hayo.

2. Kutengana kunakata nini?

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Kanisa hufundisha ya kuwa mume na mke wanapaswa kukaa pamoja. Lakini Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni 1151 mpaka 1155, chakubali kwamba pengine pana sababu za kweli za kutengana, kwa mfano mmoja akihatarisha vikali roho au mwili wa mwenzake au wa watoto. Hapo aliye katika hatari anaruhusiwa kuondoka. Walakini kifungo cha ndoa hakikatiki kwa sababu hiyo, na kanuni 1154 yaagiza kwamba watoto waendelee kutunzwa na kulelewa ipasavyo.

Angalieni basi. Kutengana kunaondoa kukaa pamoja. Hakuondoi ubaba wala umama. Tena hakuondoi neno walilompa mtu mwingine wakati walipokuwa pamoja. Yule mwenye duka aliyetoa gunia la unga hakuingia katika ugomvi wao. Mwenye nyumba hakumpiga mtu. Mjane hakunywa pombe ya mtu. Hao wote ni watu wa tatu: waliiamini nyumba, nayo nyumba ilikula kwa imani yao. Kama mume na mke wana shauri kati yao, na walikate kati yao. Wasimlipishe mtu wa tatu gharama ya ugomvi.

Hilo ndilo neno moja ninalotaka mlishike. Kuna hesabu mbili, na tusizichanganye. Hesabu ya kwanza ni kati ya nyumba na mtu wa tatu: je, amelipwa? Hesabu ya pili ni kati ya mume na mke: je, nani abebe zaidi? Mimi nilikosa kwa sababu niliijibu ya pili, nikadhani nimeijibu na ya kwanza. Ni kweli mume ndiye aliyeharibu. Lakini kosa la mume halikuwa ruhusa ya kumpunja mjane.

3. Visingizio vya watu

Nimesikia visingizio vitatu, nanyi mmevisikia.

Wa kwanza husema: « Mbuzi wa mahari wamekwisha kurudi, maneno yameisha. » Ndugu, mbuzi hao walikwenda kwa jamaa ya mume. Je, walipita dukani? Walipita kwa mwenye nyumba? Kurudisha mahari ni shauri la jamaa mbili, wala hakufuti daftari la mtu ye yote.

Wa pili husema: « Jina langu halimo katika daftari. Aliyeandikwa ni mume wangu » au « ni mke wangu. » Tumwulize: Unga ule nani aliula? Sabuni ile ilifua nguo za nani? Deni la chakula cha nyumba, la kodi, la dawa ya watoto, ni la nyumba, hata kama mkono mmoja ndio ulioandika. Lakini deni ambalo mmoja alilifanya kwa siri kwa ulevi wake au kwa michezo ya kubahatisha ni lake peke yake. Mwenzake hakulitaka wala hakula matunda yake, haki haimdai.

Wa tatu husema: « Mwenye duka ni tajiri, hataona hasara. » Dawa ya deni ni kulipa, wazee wamesema, na hawakuongeza kwamba dawa hiyo ni kwa maskini tu. Tena hatujui fedha zile ni za nani. Mwenye duka pengine naye amekopa mjini. Ninyi mmeona jinsi dola 5 za mtu mmoja zilivyoangusha likelemba ya watu kumi.

4. Sheria ya nchi yasemaje?

Sheria ya nchi yetu ya Kongo nayo yatuangaza. Sheria ya Jamaa ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ikatengenezwa upya tarehe 15 Julai 2016. Yawapa mume na mke njia tatu za kuweka mali yao: kila mmoja awe na mali yake, au wachanganye yale tu waliyoyapata baada ya kuoana, au wachanganye yote. Wanaofunga ndoa bila kuchagua, sheria yenyewe yawaweka katika njia ile ya pili.

Zamani sheria ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Mwaka 2016 amri hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa kwamba mume na mke wapatane kwa ajili ya mapatano yanayowafunga. Hilo ni jambo jema, na la kutafakari. Mke si mtoto tena mbele ya sheria; neno lake ni neno. Nalo neno la mtu mzima ni deni.

Kwa habari ya nyumba za kupanga, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Basi yule aliyelipa dola 15 kwa mwezi alikuwa ameweka garanti ya dola 45. Fedha hizo si zawadi kwa mwenye nyumba; ni amana. Mpangaji akitoka, hesabu hufanywa, na yanayobaki humrudia. Watu wasipopatana juu ya kutengana kwao, wazee wakashindwa, ipo tribinali ya amani. Kwenda huko kutafuta haki si dhambi.

5. Hesabu ya ubaoni

Sasa tufanye kama tunavyofanya shuleni, tuandike ubaoni madeni ya nyumba ile.

Kodi ya miezi miwili haikulipwa: dola 30. Likelemba: dola 40. Unga, mafuta na sabuni za dukani: dola 24. Pombe ya mume: dola 12. Jumla ni dola 106.

Kwanza tutoe deni la mmoja. Dola 12 za pombe ni za mume peke yake. Zabaki dola 94 za nyumba.

Pili tutazame mali iliyopo kabla ya kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Garanti ni dola 45. Mwenye nyumba akikubali, akate kodi yake dola 30, naye ameridhika. Dola 15 zarudi. Samaki waliobaki sokoni walikuwa wa dola 9. Jumlisha 15 na 9: dola 24. Likelemba na duka pamoja ni dola 64. Toa 24, zabaki dola 40.

Tatu, dola 40 hizo zigawanywe. Je, zikatwe katikati kama ndizi, 20 na 20? La. Sawasawa si haki sikuzote. Mume ana nguvu, anachimba, naye ndiye aliyeleta maafa. Mke analea watoto watatu na kapu lake la samaki halipo tena. Wazee wangaliweza kusema: mume dola 25, mke dola 15. Na huo ugawaji wa madeni haugusi posho ya watoto; hiyo baba ataendelea kuitoa.

Mwaona? Deni lililoonekana kama mlima lingalishuka kidogo kidogo. Dola 15 tu za garanti zingalitosha kutoa zamu tatu za likelemba, na pengine wamama wengine wasingaliacha. Lakini mume aliondoka usiku akaenda machimbo mengine, akaufunga mlango na kuchukua ufunguo. Mimi nami nilimtuma mke nyumbani bila hesabu. Garanti ikabaki kwa mwenye nyumba, na hakuna aliyekwenda kuhesabu naye. Palipokosekana penseli na karatasi, mjane akalipa.

6. Mambo ya kufanya

Watu wakitengana, na tuwashauri hivi.

Iandikwe siku ya kutoka. Kodi ya kabla ya siku ile ni ya wote wawili. Ya baadaye ni ya yule anayebaki ndani. Kama mama anabaki na watoto, mwenye nyumba aambiwe, na mapatano yaandikwe kwa jina lake. Kama hakuna anayebaki, ufunguo urudishwe mchana, mbele ya shahidi, na nyumba itazamwe pamoja: mlango, dirisha, bati.

Madeni yote yaandikwe katika daftari, moja moja, mbele ya wazee wa pande mbili. Pembeni pa kila deni paandikwe « la nyumba » au « la mmoja ». Kila mmoja apewe nakala.

Wakopeshaji waambiwe mapema, kabla hawajasikia habari sokoni. Mtu anayekuja mwenyewe kusema: « Sina leo, lakini nitaleta kidogo kila mwezi », bado ni mtu wa kuaminiwa. Anayejificha amekopa mara mbili: fedha na heshima.

Mwanamke aliyekimbia mapigo asilazimishwe kuonana na aliyempiga kwa ajili ya hesabu. Ndugu yake au mzee mmoja aende mahali pake. Haki ya mtu wa tatu haidai mtu arudi penye hatari.

Na mmoja akikataa kabisa kulipa? Hapo ni pagumu, nami sitaki kuwadanganya. Yule mwenye moyo mwema mara nyingi hubeba fungu la mwenzake. Mbele ya mtu wa tatu, na ajitahidi kulipa deni la nyumba kadiri ya uwezo wake. Kisha ana haki kumdai mwenzake aliyekimbia, mbele ya wazee au ya tribinali. Lakini hakuna anayelazimishwa lisilowezekana. Chakula cha watoto chatangulia. Umaskini waahirisha deni, ingawa hauliui.

7. Neno kwa wanaodai

Ninyi pia mnaodai, sikilizeni. Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mjane ambaye mumewe alikufa na deni. Mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwambia mama yule akimbie. Wala hakumwacha mdai awachukue watoto. Mafuta yalipoongezeka katika vyombo, alimwagiza ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki. Deni lilipwe, na watoto waishi: yote mawili yaenda pamoja.

Basi mwenye nyumba asiwatoe watoto nje usiku wa mvua kwa ajili ya kosa la baba yao. Mwenye duka asiongeze deni kwa sababu mama amebaki peke yake na hajui kusoma daftari. Kikundi cha likelemba kimpe muda yule aliyepatwa na shida, mradi asifiche. Haki ya mdai ni kweli; lakini kumnyonya aliyeanguka ni wizi wa namna nyingine.

8. Mwisho wa habari yangu

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba pengine hata yule aliyetoa shauri baya hupaswa kurudisha, ikiwa shauri lake ndilo lililoleta hasara. Niliposoma maneno hayo nilijua yananihusu. Nilikwenda kwa yule mama, nikamwambia: « Nilikushauri vibaya. » Hakukasirika. Alisema: « Mwalimu, hata mimi sikulala vema. » Alikuwa amelima karanga, alipovuna akaanza kulipa kidogo kidogo. Nami nilitoa dola 10 katika mshahara wangu. Mume mpaka leo hajatoa kitu.

Mjukuu wa mjane alikuwa amekwisha kupoteza mwaka mmoja wa masomo. Mwaka huo hatuwezi kuurudisha, hata tukilipa yote. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mapema. Wengi wenu mtafunga ndoa, nami nawatakia mkae pamoja mpaka kufa. Lakini tangu siku ya kwanza kopeni machache, mkijua wote wawili kila kilichoandikwa dukani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na kama siku mbaya ikija, mkiisha kuuliza « nani amekosa? », msisahau kuuliza swali la pili: « Nani alituamini? »

Mjane yule ni mzima, na Jumapili huketi karibu na mlango wa kanisa. Akinisalimu mimi hukumbuka swali lake. Nanyi likumbukeni.